Tulimpumzisha mama mpaka akaanza kusahau

Kwetu Langoni, hapa Lamu mjini, mama yangu ndo alikuwa daftari la mtaa. Sisemi utani. Kijana akitaka kuposa na kuna wasiwasi kwamba yeye na huyo binti huenda walinyonya ziwa moja, watu walikuwa wakija kwetu, wanapanda zile ngazi zetu zilizosimama kama ukuta, wanatiliwa kahawa, afu wanauliza. Mama anafumba macho kidogo, vidole vinachezea ncha ya leso, afu anaanza: huyo mtoto alizaliwa kusi ile iliyozamisha dau la fulani, mamake akashikwa na homa siku ya nne, mtoto akachukuliwa na shangazi yake akanyonyeshwa siku mbili, na siku mbili si mara moja wala mara tatu, zile mara tano za sheria ya dini zimeshapita, basi hao ni ndugu, tafuteni kwengine. Na posa inavunjika hapo hapo na hakuna anaekasirika, maana neno la mama lilikuwa neno.

Sasa miaka miwili baada ya baba kufariki wakaja wanawake wawili kutoka Mkomani na suala la aina hiyo hiyo. Mama akafumba macho kama kawaida. Akayafumbua. Akaniangalia mimi. Afu akauliza, "Huyo ni mwana wa nani?" na huyo alieuliziwa ni mjukuu wa dada yake mwenyewe, mtoto aliemshika mikononi siku ya arubaini yake. Wale wanawake wakatizamana, wakamaliza kahawa haraka haraka, wakaaga. Kufika magharibi habari ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima, vichochoro vya mji huu havipiti gari lakini maneno yana mbio kuliko gari.

Na sisi tukasema nini? Uzee. Mama ana miaka 71, mtu akizeeka si hurudi utotoni, ndo maumbile. Mimi nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu na mimi ni mwalimu. Leo nikikumbuka naona haya, maana kusahau funguo ulipoziweka ni kitu cha kila mtu hata mimi wa miaka 44, lakini kushindwa kumjua mjukuu wa dada yako si uzee, ni dalili, na dalili hutafutiwa sababu. Shirika la Afya Duniani linasema waziwazi kuwa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, dimenshia, sio sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Huyo mwanamke wa kwanza ambae daktari Alois Alzheimer alimwandika kule Ujerumani mwaka 1901, aliefanya aina moja ya dimenshia iitwe jina la daktari, alikuwa na miaka 51. Miaka 51 hapa kwetu mtu bado anaozesha, bado anapika sinia za harusi.

Lakini kabla sijafika kwa madaktari inabidi niseme tulimfanya nini mama, na hii ndo sehemu inayoniuma.

Baba alipofariki mama akakaa eda, miezi minne na siku kumi, sawa, hiyo ni dini na ndo ada. Tatizo lilianza eda ilipokwisha. Tukakutana watoto wote wanne tukakubaliana kwamba mama ametufanyia kazi maisha yake yote, sasa apumzike. Tukaleta msichana wa kupika. Kaka akachukua shughuli ya sokoni, kwa nini mama ahangaike na jua na punda. Dada akachukua kofia alizokuwa anashona, akasema mama utaharibu macho. Mimi, na hili nalitaja mwenyewe kabla hamjanitaja, nikachukua shada la funguo na simu ya M-Pesa, maana siku moja alituma pesa kwa namba siyo. Ngazi tukamkataza, asije akaanguka. Darini asipande. Ikawa mama asubuhi anaketishwa kitandani, chai inamfuata, chakula kinamfuata, televisheni imewashwa tamthilia za Kituruki kutoka asubuhi mpaka isha. Wageni wakija tunawaambia mama yuwapumzika. Watu wakatusifu jamani. Watoto wema hao, wamemuweka mama yao kama malkia.

Siku moja, hii ilikuwa kabla ya wale wanawake wa Mkomani, nilimkuta jikoni amesimama tu katikati, msichana anakuna nazi. Nikamwambia mama ndoo uketi. Akanijibu kwa sauti ya chini, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nyumbani kwangu mwenyewe mumenipokonya."

Nilicheka. Nikadhani anafanya mzaha.

Baada ya lile la posa ndo nikaanza kusoma usiku, watoto wakilala. Nilisoma mengi ya upuuzi pia, ntayafikia, lakini kuna ripoti moja ilinikalisha. Jarida la The Lancet huko Uingereza lina jopo la wataalamu wa mambo ya dimenshia, walitoa ripoti 2017, tena 2020, tena 2024, na kila wakitoa orodha inaongezeka. Ya 2024 ina mambo 14 ambayo yakipunguzwa au kuondolewa, karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Tuelewane hapo, haimaanishi wewe ukifanya yote basi umejikata asilimia 45, ni hesabu ya watu wote duniani kwa pamoja. Na zaidi ya nusu inabaki nje ya uwezo wetu, umri wenyewe, damu ya ukoo, vitu ambavyo Mungu ndo anavijua.

Elimu ndogo ya utotoni. Kutosikia vizuri. Kolestro mbaya. Huzuni nzito ya muda mrefu. Kuumia kichwa. Kutojishughulisha mwili. Sukari. Sigara. Presha. Unene uliopita kiasi. Pombe nyingi. Upweke. Moshi na hewa chafu. Macho yasiyotibiwa. Nikaketi na kalamu nikaanza kumpigia mama tiki. Presha anayo. Sukari anayo. Masikio, ile televisheni yake husikika mpaka msikitini. Huzuni, ndio, mume wa miaka 48 amekwenda. Mwili, haujishughulishi, kazi yake ya siku ni kutoka kitandani kwenda chooni. Upweke, ndio. Elimu, aliacha shule darasa la nne japo Qurani ana juzuu kumi kichwani, ila elimu wanayohesabu hao ni miaka ya shule. Nikafika saba nikaiweka kalamu chini. Na katika hizo saba, mbili tulimletea sisi wenyewe kwa mapenzi, tena tukasifiwa.

Tulianza na masikio, maana ndo yalikuwa rahisi kuyaona na ndo tulikuwa tukiyachekea zaidi. Unamwuliza mama "umekula?" anakujibu "amelala." Wajukuu wanaangua kicheko na yeye anacheka nao, kumbe hajui kinachochekwa. Polepole akaacha kuuliza "umesema nini", akawa anatikisa kichwa tu, na sisi tukaona mama kapoa, kawa mtulivu. Hakuwa mtulivu. Alikuwa ameshatoka kwenye mazungumzo, amebaki mwili tu.

Daktari wa kwanza, hapa hapa kisiwani, aliingiza kile kijitochi sikioni akacheka, akasema hapa pana nta ya kujenga nyumba. Akatia dawa ya kulainisha siku kadhaa, afu akasafisha, na sikio la kulia likarudi kidogo. La kushoto halikurudi. Ikabidi twende Mombasa kupimwa vizuri, boti mpaka Mokowe, afu basi asubuhi mapema, mama amejifunika buibui lake amenyamaza njia nzima mpaka Malindi ndo akauliza kama baba ameachiwa chakula. Baba. Nilitizama dirishani nikamwambia ndio mama, ameachiwa. Sijui kama nilifanya sawa, wengine husema usimdanganye na wengine husema usimfiwishe mume mara ya pili, na ukiwa ndani ya basi huna nafasi ya kufikiria.

Kipimo kikaonyesha hasikii sauti nyembamba, zile herufi za s na f na t, ndo maana anasikia kwamba unaongea ila hajui unasema nini. Akapewa mashine ya sikio, bei yake ilitufanya wote wanne tuchange na kaka auze injini ya zamani ya boti. Yule fundi wa masikio akanieleza kitu ambacho mpaka leo nakirudia kwa watu: ubongo ukitumia nguvu zote kubahatisha maneno, haubakishi nguvu ya kuyaweka. Na huwezi kusahau kitu ambacho hakikuingia. Vile vitu tulivyosema mama kavisahau, nusu yake hatukuwahi kumwambia, tuliambia hewa.

Kuna utafiti mmoja wa Marekani ulitoka 2023, watu 977 wa miaka 70 mpaka 84, wengine wakapewa mashine za masikio wengine wakapewa masomo ya afya tu, wakafuatwa miaka mitatu. Kwa wote kwa pamoja tofauti haikuonekana, hili watu wanaouza mashine hawakwambii. Lakini kwa wale waliokuwa na hatari zaidi toka mwanzo, wenye presha, sukari na mengineyo, kuporomoka kwa akili kulipungua kwa asilimia 48. Mama yangu ni wa kundi hilo la pili. Alivyovaa ile mashine mara ya kwanza aliinua mkono akautikisa, akautikisa tena, nikamwuliza nini, akasema bangili zangu zalia.

Jambo la pili lilikuwa dogo mpaka aibu. Daktari aliniambia nilete dawa ZOTE mama anazokunywa, sio za presha tu, zote, hata za dukani. Nikakusanya mfuko. Humo ndani mna vidonge vidogo vya njano vya mafua, klorfeniramini, ambavyo mama alikuwa akimeza viwili kila usiku toka eda maana vinamletea usingizi, na msichana wetu akimnunulia dukani kama pipi. Daktari akavitenga pembeni. Akasema dawa za aina hii huzuia kemikali fulani ambayo ubongo unaitumia kushika kumbukumbu, kijana anaamka na uzito kidogo tu, mzee anaamka na ukungu. Ikiwa una mzee nyumbani naomba leo hii ukaangalie chini ya mto wake. Na asiache dawa alizoandikiwa kwa sababu umesoma hapa, peleka mfuko kwa daktari achambue yeye. Vilevile akampima damu, tezi ya shingo na vitamini B12, kwa sababu hizo zikishuka mtu husahau na zinatibika, na B12 hushuka zaidi kwa anaekunywa metformini, ile dawa ya sukari, miaka mingi kama mama. Zake zilikuwa sawa. B12 ya jirani yetu ilikuwa chini, akapigwa sindano.

Presha sasa. Presha ndo jambazi lenyewe, maana halina kelele. Mama alikuwa anakunywa dawa siku kichwa kikimuuma, kisipouma dawa inapumzika kama yeye. Kumbe mishipa midogo ya ubongo ni kama vichochoro vya mji huu, vyembamba, na presha ikivigonga miaka nenda miaka rudi vinaziba kimoja kimoja bila mtu kupooza, bila mdomo kwenda upande, ila kila kichochoro kinachoziba kuna nyumba haifikiki tena. Marekani walifanya utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 9,000 wa miaka 50 kwenda juu, matokeo ya upande wa akili yalitoka 2019, kundi moja presha, ile namba ya juu, ikashushwa chini ya 120 na jengine chini ya 140, na wale wa 120 kule kuanza kupungukiwa kumbukumbu kulipungua kwa asilimia 19. Dimenshia yenyewe kamili haikuthibitika kupungua, nisiwadanganye. Na usikimbilie 120 kwa mzee wako bila daktari, kuna wazee ikishuka sana wanapata kizunguzungu, na kwa ngazi zetu hizi za nyumba za mawe kizunguzungu kimoja ni kichwa kupasuka, na kuumia kichwa nako kumo kwenye ile orodha.

Chumvi ndo ilikuwa vita. Mama bila ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, na achari anaona hajala. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ya siku nzima, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate. Kipande kimoja cha ng'onda kinakaribia kumaliza hesabu. Tulikubaliana ng'onda siku ya Ijumaa tu, na hiyo Ijumaa nimeshamfuma akila Jumanne, haya.

Chakula chengine sina mengi. Tunacho tayari: vibua, jodari, mbaazi, kunde, mchicha, mnavu, matunda. Tatizo letu sio tunachokula ila tunachokifanya, samaki mzuri anatoka baharini asubuhi tunamzamisha kwenye mafuta yaliyokaangiwa juzi, na chai ya vijiko vinne vya sukari pembeni na mahamri matatu. Wamarekani wana mpangilio wao wa chakula cha ubongo, mboga za majani na matunda ya jamii ya forosadi na lozi na samaki, wakaujaribu kwa watu 604 miaka mitatu, matokeo ya 2023 hayakuonyesha tofauti ya maana na wale waliokula chakula cha kawaida kilichopunguzwa tu. Kwa hiyo chakula kizuri kula, kwa sukari yako na moyo wako, ila asije mtu akakuuzia sahani kama dawa.

Na hapo ndo niwaseme wanaonitumia meseji WhatsApp. Kila wiki majani mapya. Ile ginko inayouzwa kwenye chupa kwa ajili ya kumbukumbu, Wamarekani waliijaribu kwa wazee zaidi ya 3,000, majibu yakatoka 2008, haikuzuia dimenshia hata kidogo. Habasoda na asali kula kwa nia yako, sina neno nayo, neno langu ni usimwachishe mzee dawa ya presha kwa sababu ya chupa.

Sasa turudi kwenye jembe.

Mambo ya hospitali yalipotulia nikawaita ndugu zangu tena, baraza la watu wanne kama lile la mwanzo, nikawaambia tunarudisha kila kitu tulichochukua. Kaka hakutaka. Alisema watu watasema tumechoka kumtunza mama. Nilimwelewa, hapa kwetu mzee akionekana sokoni na kikapu, mtoto wake ndo anatafunwa. Tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Nikamwambia kuna utafiti wa 2011, wazee 120, nusu walipewa kutembea dakika 40 mara tatu kwa wiki mwaka mzima na nusu wakanyoosha viungo tu, na hipokampasi, hiyo sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu, ikapigwa picha kabla na baada. Ya waliotembea iliongezeka asilimia 2, ya wengine ikapungua. Kaka akasema hao Wazungu hawana majirani. Dada ndo akamaliza ubishi, akasema basi muulizeni mama. Kumbe katika yote hayo hakuna aliemuuliza.

Mama akasema nipeni kikapu changu.

Asubuhi ya kwanza nilimfuata nyuma hatua kama kumi. Akashuka ngazi, mkono ukutani. Akakata kulia, akaingia Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, punda wanapita na mchanga na mawe ya kujengea, wenye punda wanapiga simile simile, watu wanamshika mkono wanaubusu, bi mkubwa umepotea, na yeye anajibu. Tulipokaribia ngome pale panapogawanyika vichochoro akasimama. Akasimama sana. Ulimi wangu nimeuuma kwa meno maana nilitaka kumwambia ni huku. Nikakumbuka wale madereva wa teksi wa London waliochunguzwa ubongo mwaka 2000, ambao kwa kubeba ramani ya mji wote kichwani hipokampasi zao upande wa nyuma zilikuwa kubwa kuliko za watu wengine, na nikawaza mama yangu ameubeba mji huu kichwani miaka 71, kila ukuta wa tumbawe, kila mlango, na sisi tukamfungia chumbani. Akageuza kichwa kushoto, akanusa, akaenda kushoto. Alifuata harufu ya samaki! Mimi ningemwambia ni huku, ningemwibia.

Sokoni akauliza bei ya samaki aina ya changu, akaambiwa, akasema mwanangu huyu samaki umemvua au umemuoa, watu wakacheka, na akahesabu chenji yake mwenyewe noti moja moja. Alikosea shilingi hamsini. Muuzaji akamrekebisha kwa adabu.

Funguo tulirudisha. Kofia tulirudisha, baada ya mtoto wa jicho kutolewa jicho la kulia, maana macho nayo yamo kwenye ile ripoti ya 2024 na mtu asieona tundu la sindano utamwambiaje ashone. Kupika anapika siku tatu kwa wiki, msichana ndo anakuna nazi. M-Pesa tumeacha kwangu, hapo niliogopa, kuna matapeli wanaowapigia wazee, lakini kila siku tunakaa pamoja ananiambia nitume kwa nani na kiasi gani. Kuni za mkandaa tumezitoa jikoni kwa ajili ya moshi, tumeweka gesi, mama anasema wali haunuki.

Kilichokuwa kigumu ni upweke. Wanaume wa Lamu wana baraza, akistaafu mtu anajua saa kumi alasiri anaketi wapi na nani, kahawa chungu, bao, siasa, kusengenya kidogo. Mwanamke mjane ana nini? Ana harusi na matanga. Harusi zikipungua anabaki na televisheni. Ufini walifanya jaribio, daktari mkuu wake ni Miia Kivipelto, watu 1,260 wa miaka 60 mpaka 77, chakula na mazoezi na michezo ya akili na kupimwa presha, vyote pamoja kwa miaka miwili, na 2015 wakaonyesha kwamba walioshirikishwa akili zao ziliimarika asilimia 25 zaidi ya wengine. Marekani wakaiga, watu 2,111, wakatoa matokeo 2025: kundi moja lilipewa maelezo likajiendee lenyewe, jengine likawa linakutana na kufuatiliwa. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini lile la kukutana zaidi. Nikasema basi hii dawa sisi tunaijua, tumeiacha tu. Tukakusanya wanawake sita wa umri wa mama, kila Jumatatu na Alhamisi baada ya asiri ukumbini kwetu, wanasuka ukili, wanasoma tenzi walizozihifadhi utotoni, mmoja anakosea ubeti mwengine anamsahihisha kwa ukali, wanagombana nani alimuoa nani mwaka gani. Kelele zao Subhanallah. Na ukili wenyewe una hesabu, ukikosea miyaa moja mkeka wote unakwenda upande.

Nisiwafanye mkadhani haya ni muujiza. Mtaani kwetu kuna mzee alikuwa bingwa wa bao, hakuna usiku aliokosa baraza, mwembamba, anatembea, hajawahi kuonja sigara, na leo hamjui mkewe. Na kuna masista wa Kikatoliki wa Marekani, 678, waliokubali kufuatwa mpaka kufa na ubongo wao uchunguzwe, mmoja wao akafa na miaka 101 akili timamu kabisa, na alipopasuliwa ubongo umejaa yale magamba yanayoonekana kwenye ubongo wa mwenye Alzheimer. Wataalamu wanasema alikuwa na akiba. Mimi naielewa kama jabia, lile tangi la maji ya mvua: kiangazi kinakuja nyumba zote, lakini aliekusanya maji mengi masika atakunywa muda mrefu zaidi kabla hajagusa tope. Kwa hiyo tafadhali ukimuona mzee amepotewa usiulize wanawe walifanya nini. Sisi tulifanya, ndio, lakini yule wa bao hakuna aliemfanya kitu.

Usingizi nimeusahau. Mama sasa analala bila vile vidonge, alichukua kama wiki tatu za kulalamika. Na vijana mnaotafuna miraa mpaka alfajiri kila siku, kaka yangu akiwemo, wataalamu wengi wanasema ubongo husafishwa taka zake ukiwa umelala, hamjafika uzee mnaanza kuupunja.

Mama amefika 73. Daktari anasema kumbukumbu yake haijarudi yote na huenda haitarudi, kuna upungufu mdogo umebaki, tunarudi kila miezi sita. Hadithi ya dau lililozama anaweza kukusimulia mara mbili kwa jioni moja. Baba bado hufa na kufufuka, ila kwa nadra. Mpwa wangu wa darasa la nane tumempa daftari la kurasa mia mbili, na mama anamwandikisha humo nani alinyonya wapi, nyumba kwa nyumba, kuanzia Langoni wanakwenda kaskazini.

Juzi Alhamisi, wale wanawake na ukili wao wamejaa ukumbini, akapanda ngazi mama mmoja wa Shela na suala. Kijana wake na binti wa hapa hapa mtaani. Wote wakanyamaza wakamwangalia mama. Akafumba macho, akachezea leso, na safari hii alikawia mpaka nikamwona dada anataka kusema kitu nikamfinya. Afu mama akafumbua macho. "Hawakunyonya pamoja. Alienyonya ni ndugu yake yule mkubwa, aliekwenda Oman." Bi mmoja pembeni akaitikia, kweli, hata mimi nilikuwepo. Mama akanigeukia, mpwa wangu siku hiyo hayupo, akaniita kwa jina la dada yangu, akasema chukua kalamu uandike.

Nikaandika.